Methali Tunaijua, Ufa Hatuujui

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani kuna mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi hizi jirani asiyeijua methali hii. Mimi nimeifafanua katika mitihani mara tatu tangu sekondari, na mara zote tatu nilipata alama nzuri. Niliandika kwamba ufa ni tatizo dogo, ukuta ni gharama kubwa, na mwenye busara hutenda mapema. Hakuna mtahini aliyeniuliza ufa huzibwa kwa kitu gani, au mtu anapaswa kungoja siku ngapi baada ya kuuziba kabla hajapaka rangi. Wala mimi sikujiuliza. Mwaka huu swali hilo nimeulizwa na ukuta wa bafu, nikashindwa, na aliyelipia kushindwa kwangu ni mtu mwingine.

Ninaandika kulalamika. Nawalalamikia wenye hosteli wanaoficha unyevu kwa rangi kila muhula unapokaribia. Nawalalamikia walimu wangu, kwa heshima zote, waliotufundisha maneno ya ukuta bila ukuta wenyewe. Lakini mshtakiwa wa kwanza ni mimi, na wenzangu tulio wasomi tunaodhani kazi ya fundi ni kuja, kugonga na kuondoka.

Ninaishi katika hosteli ya binafsi jijini Kampala, na mwaka huu nilikuwa mwakilishi wa ghorofa yetu. Mwezi wa nne, katikati ya mvua, sinki la kunawia la bafu letu liling'oka ukutani usiku. Halikuvunjwa na mtu. Lilikuwa limebebwa na vyuma viwili vilivyofungwa kwa skrubu nne, na lipu iliyoshika skrubu hizo ilikuwa imeoza. Kwa miaka mingi maji ya kunawia yalipita nyuma ya sinki, mahali ambapo halikugusana vizuri na ukuta, yakanywewa na lipu tone kwa tone. Kwa nje hatukuona kitu, maana kila mwaka ukuta ulipakwa rangi ya mafuta, nzuri, ya kung'aa. Rangi ile ndiyo iliyotuficha ugonjwa.

Msimamizi wa hosteli alinikabidhi jukumu la kutafuta fundi. Nikampata mzee mmoja kutoka Bukavu anayeishi upande wa Katwe. Tulipatana shilingi 120,000 za ufundi, nusu kabla na nusu baada ya kazi. Alikuja na mfuko wake, akafunga koki, akaondoa vyuma vya zamani, akaweka sinki jipya lenye mguu unaosimama sakafuni. Kufikia saa tisa mchana maji yalikuwa yanatoka na kuingia vizuri. Mimi nikaona kazi imekwisha.

Ukuta ulisema vingine. Juu ya sinki jipya, ambalo lilikuwa dogo kuliko la zamani, palibaki kovu lenye ukubwa wa sinia: mashimo manne, kutu, lipu iliyomeguka hadi kwenye matofali, na kuzunguka hayo yote kuvu jeusi. Mzee aligongagonga kwa mpini wa patasi, akabomoa lipu iliyokuwa ikilia kama debe tupu, akajaza mchanganyiko mpya wa saruji na mchanga. Kisha akaanza kufungasha vyombo vyake. Nikamwuliza rangi iko wapi.

“Mama,” akaniambia, “hii ukuta iko na maji ndani. Tuache ikauke kwanza. Kama tunapaka leo, rangi itatoka yote.”

Nataka kusema ukweli kuhusu kilichopita kichwani mwangu wakati ule, kwa sababu ndicho kiini cha lalamiko langu. Nilisikia “hii ukuta”. Nilisikia “iko na”. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nilikuwa tayari nimemsahihisha: ukuta huu una maji ndani. Nilishughulika na upatanisho wa ngeli hata maana ya sentensi ikanipita. Mzee alikuwa amenipa utambuzi kamili wa ugonjwa pamoja na tiba yake na utabiri wa yatakayotokea nikikaidi. Mimi nikampa alama ya chini kwa sarufi.

Nikamwambia Ijumaa mwenye hosteli anakuja kukagua, na kwamba asipopaka kesho yake nitasema kazi haijakamilika. Ndivyo mwenye fedha anavyosema na asiye nazo. Mzee alinyamaza kidogo, akarudi kesho yake, akapaka. Ijumaa mwenye hosteli akafurahi. Baada ya wiki mbili rangi ilianza kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Ukibonyeza, maji yanatoka. Ndani ya mwezi ilikuwa inaning'inia vipande vipande, na nyuma yake saruji ilitoa unga mweupe wa chumvi. Mwenye hosteli akasema fundi ni mwongo, na zile shilingi 60,000 zilizobaki hatalipwa. Aliniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Nikanyamaza.

Ukimya huo uliniwasha hadi likizo ilipoanza. Nikaenda Katwe nikamtafuta mzee, nikamwomba radhi, nikampa sehemu ya deni kutoka mfukoni mwangu, kisha nikamwomba anifundishe kuurudia ukuta ule kwa mikono yangu. Alicheka sana. Lakini alikuja, si mara moja, mara nne. Naomba nieleze tulichofanya, kwa sababu hoja yangu imesimama juu yake, na kwa sababu nina hakika wengi wenu mnaosoma hapa mna ukuta wa namna hiyo nyumbani.

Siku ya kwanza hatukugusa saruji. Tulitafuta maji yanatoka wapi. Mzee alikausha mabomba kwa kitambaa, akazungushia karatasi ya chooni kila kiungio, tukangoja nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, kiungio ni kizima. Ikilowa, hakuna haja ya kufanya lolote lingine kabla ya kukaza hapo. Kisha tulikwangua rangi yote iliyolegea. Alinizuia kutumia msasa mkavu: rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini yenye sumu hasa kwa watoto, na vumbi lake halifai kuvutwa. Tulilowesha ukuta kidogo, tukasugua kwa msasa wa maji, tukafuta kwa kitambaa. Kuvu tuliliosha kwa maji yenye dawa ya klorini, mlango na dirisha vikiwa wazi. Akanionya nisichanganye dawa hiyo na ile ya tindikali ya kusugulia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Lipu ya awali haikuwa na kosa. Alikuwa ameijenga vizuri, nasi tuliiacha. Sehemu ndogo tu pembeni ilihitaji kuzibwa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko yote: ufa wa saruji huzibwa ukiwa umeloweshwa. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko mpya, na saruji ikinyimwa maji haishiki, hubaki kama mchanga. Kwa hiyo unanyunyizia maji kwanza, unajaza mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga, unausukuma kwa mwiko ili usiache uwazi nyuma, kisha unaendelea kuulowesha kidogo kidogo kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo ndipo unaanza kungoja ukauke. Maji kwanza, ukavu baadaye. Aliyekurupuka anavuruga yote mawili.

Tukangoja. Mzee alikata kipande cha mfuko wa plastiki, ule tunaouita kaveera hapa Kampala, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne. Baada ya siku nzima tulikibandua. Upande wa ndani, ulioelekea ukuta, ulikuwa na vijitone vya maji. “Unaona? Bado inalia,” akasema. Alirudi baada ya siku kumi, plastiki ikatoka kavu. Ndipo tukapaka tabaka jembamba la kusawazisha, la aina yenye saruji, kwa kuwa ile ya jasi hulainika mahali penye maji ya mara kwa mara. Tukasugua kingo mpaka kidole kisihisi mpaka kati ya kipya na cha zamani. Tukaosha ukuta wote kwa sabuni na kuusuuza, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta ya sabuni za kuogea. Tukapaka praima juu ya kiraka, kisha rangi ya maji ya bafuni tabaka mbili, kona hadi kona. Kona hadi kona kwa sababu rangi ya zamani imefifia. Ukipaka kiraka peke yake, hata kama ni kopo lilelile, kitaonekana kama kiraka. Mwisho kabisa, rangi ilipokauka, tukaziba kwa silikoni mahali sinki linapokutana na ukuta. Pale ndipo maji yalipokuwa yakipita miaka yote.

Nilimwuliza kwa nini rangi ya kwanza iliharibika vibaya kiasi kile. Akanieleza kwamba saruji mbichi ni kali, ukiishika sana inakula ngozi ya mikono, na rangi ya mafuta nayo inaliwa vivyo hivyo. Baadaye nilisoma kemia yake nikaona alisema sawasawa: saruji mbichi ina alkali nyingi, na alkali ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya rangi huyageuza kuwa kitu kama sabuni. Ongeza maji yaliyofungiwa nyuma ya rangi isiyopitisha hewa, na andazi lako limeiva. Ndiyo maana lipu mpya ya ukuta mzima huachwa wiki nne hivi kabla ya kupakwa rangi. Mzee alilijua hilo siku ile nilipomkaripia.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Wapo watakaosema kosa ni la mwenye hosteli na mwanafunzi hausiki. Mwenye hosteli ana kosa kubwa. Kupaka rangi ya mafuta kila Agosti juu ya ukuta unaovuja ni kumuuzia mpangaji ugonjwa uliofungwa kwa karatasi ya zawadi. Kuvu la bafuni huwasumbua wenye pumu. Tunaye mwenzetu kwenye ghorofa yetu anayekohoa usiku kucha wakati wa mvua. Lakini ni nani anayeukubali ukuta huo siku ya kuhamia? Ni sisi. Tunaingia, tunaona unang'aa, tunatia saini. Hatugongi. Hatunusi. Hatuulizi kwa nini kona ya nyuma ya sinki ina rangi nzito kuliko kona nyingine. Kisha mwisho wa mwaka tunakatwa amana kwa uharibifu ambao ulikuwapo kabla hatujafika, na hatuna maneno ya kujitetea, kwa kuwa hatujui tunachokiangalia.

Wapo watakaosema mwanafunzi hana muda. Nimepiga hesabu. Kazi ya mikono katika ukuta wetu, nikijumlisha siku zote nne, haikuzidi saa saba. Muda mwingine wote ulikuwa wa kungoja, na kungoja hakumzuii mtu kusoma. Kinachotushinda ni uvumilivu wa kutazama kovu la kijivu kwa wiki mbili bila kulifunika. Tunaona aibu mgeni akiliona. Hatuoni aibu rangi ikidanganya.

Wapo pia watakaosema siku hizi kuna rangi za kukauka haraka. Zipo. Hukauka haraka juu ya uso wake. Hakuna rangi inayoukausha ukuta ulio nyuma yake. Anayeuza kopo anajibu swali la kopo. Swali la tofali linabaki kwako.

Na wapo watakaosema mafundi ni wababaishaji, wanakuja wamechelewa, wanaondoka na vifaa. Wababaishaji wapo, kama walivyo wanafunzi wanaonakili kazi za wenzao. Lakini tuulize pia ubabaishaji unazaliwaje. Fundi hulipwa kwa kazi iliyoonekana. Siku za kungoja hakuna anayemlipa, wala nauli ya kurudi kupima plastiki. Akisema ukweli kwamba ukuta unahitaji siku kumi na mbili, mteja anamtafuta mwingine atakayesema siku moja. Tunamfukuza mkweli, tunamwajiri mwongo, halafu tunalalamika kuwa mafundi ni waongo. Mzee wangu alisema ukweli kwa sauti, mbele yangu, nikamlazimisha kutenda uongo, na mwisho yeye ndiye aliyeitwa mwongo.

Hapa nawageukia walimu na wenzangu wa idara za Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa vitenge, tunaghani mashairi, na tunasema Kiswahili ni lugha inayounganisha Afrika Mashariki. Ni kweli. Lakini inaunganisha akina nani? Mzee kutoka Bukavu na kijana anayechanganya zege kutoka Mbale wanaelewana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na hawajawahi kukaribishwa kwenye sherehe hizo. Yeye anasema “sima”, mimi nimefundishwa “saruji”. Yeye anasema “lavabo”, mimi nasema “sinki”, na Mkenya wa chumba cha pili anasema “simiti” na “plasta” wakati Mtanzania anasema “lipu”. Hilo ni darasa zima la msamiati na lahaja lililokuwa bafuni kwetu, na nililiona baada tu ya rangi kubanduka.

Sisemi sarufi iachwe. Ninaishi kwa sarufi na ninatumaini kula kwa sarufi. Nasema mwanafunzi anayeweza kuchambua methali ya ufa katika kurasa nne bila kujua kwamba ufa huloweshwa kabla ya kuzibwa, hajaielewa methali. Waliotunga maneno hayo walikuwa watu wenye kuta. Walijua ukuta ni mzito, walijua maji yanapita wapi, na walisema “usipoziba” kwa kuwa walikuwa na kitu cha kuzibia mikononi. Sisi tumebaki na kitenzi, tumepoteza mwiko.

Madai yangu ni machache na yanatekelezeka. Kwanza, viongozi wa wanafunzi wadai kuwa mkataba wa hosteli useme kwamba kubadilisha kifaa ni pamoja na kurudisha ukuta katika hali nzuri, na kwamba ukuta mbichi haupakwi rangi kwa ajili ya ukaguzi. Pili, anayemwajiri fundi ampatie malipo ya kurudi, hata kama ni nauli na chai, ili ukweli usimpe hasara. Tatu, idara zetu zipeleke wanafunzi wa kozi ya istilahi kwenye maeneo ya ujenzi wakaorodheshe majina ya vifaa na hatua za kazi kama mafundi wanavyoyasema, kutoka Bukavu hadi Mombasa, bila kuwasahihisha ngeli. Na nne, ambalo ni langu binafsi: kabla muhula haujaanza nitamwandikia mwenye hosteli barua na kumweleza nani aliyeamuru rangi ile ipakwe. Shilingi 60,000 za mzee bado hazijalipwa zote. Nilimpa 25,000. Zilizobaki 35,000 ni deni, na mdaiwa ana jina langu.

Ukuta wetu sasa una miezi miwili. Umepitiwa na mvua na mvuke wa wasichana kumi na wawili wanaooga kila asubuhi. Jana usiku nilibandika kaveera tena pale pale juu ya sinki. Leo asubuhi ilikuwa kavu.